Betri za Buluu za Quitunda

Nyumba tuliyopewa Quitunda, kijiji kipya tulikohamishiwa kupisha mradi wa gesi, ilikuwa na kuta za matofali ya saruji, madirisha ya vioo na choo kizuri. Haikuwa na ua. Kule tulikotoka, ua ulikuwa ndiyo nyumba yenyewe ya wanawake. Humo walipika, walisukana, walikaa vichwa wazi. Tuliuzungushia boriti na makuti, na makuti yakichakaa tulisuka mengine. Huku minazi haikuwepo, na kila aliyepita barabarani alimwona mke wangu akipepeta mchele.

Alivumilia mpaka binti yetu wa kwanza, aliyeolewa kisiwani Vamizi, alipopata mimba. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mzazi, na mzazi hukaa huko arobaini yote akikandwa kwa maji ya moto. Mama mkwe wake alituletea ujumbe wa simu, wa adabu kabisa: "Tumesikia nyumba ni nzuri ila iko wazi pande zote. Kama mwenzangu hana pa kumkandia bintiye, atazalia hapa hapa. Sisi hatuoni taabu."

"Hatuoni taabu," mke wangu alirudia, akiweka simu chini taratibu. "Umesikia hiyo?"

Nilisikia. Nikamwahidi ua kabla mimba haijaingia mwezi wa nane.

Mimi ni fundi cherehani. Useremala hakuna aliyenifundisha. Nilichojua nilikipata katika vijitabu vya maelezo, vya Kireno, huku kamusi iko pembeni. Mpango wangu ulikuwa nguzo za mbao, mabati kati yake, na mbao za kuanzia zifungwe kwa skrubu kwenye ukuta wa nyumba. Kuutoboa kwa nyundo na patasi kungepasua tofali, kwa kuwa lina uwazi ndani. Mashine ya kutobolea ya waya nayo ingetegemea umeme, na umeme ulikatika mchana bila kuaga. Ilibaki mashine ya betri.

Miaka ile maduka ya mjini Palma yalijaa mashine hizo. Karibu kila jirani mtaani kwetu alikuwa na mashine ya kutobolea au ya kukatia, na hapo walikuwa wamekosea pamoja. Wa kwanza walinunua za buluu. Waliofuata hawakutaka kuonekana wameiga, wakanunua nyekundu, kijani, njano. Kila rangi ni kampuni yake, na betri ya rangi moja haiingii kwenye mashine ya rangi nyingine. Umeme ukikatika na betri ikiisha, kila mmoja alikaa mlangoni na mashine yake iliyokufa.

Kaka wa mke wangu alikuwa na ya njano, kubwa kuliko zote.

"Shemeji, tazama volti tu," aliniambia. "Volti nyingi, kazi nyingi. Hayo mengine ni mambo ya vitabu."

Volti nilizisoma. Zinaeleza msukumo. Lakini kwenye betri kuna namba nyingine, inayoeleza akiba, kama ukubwa wa pipa, na hiyo hakuna aliyekuwa akiiuliza. Nilikwenda dukani Palma na tofali langu ndani ya gunia, nijaribu kila mashine kwenye kitu nitakachokitoboa.

"Baba, umekuja kununua mashine au kutuuzia nyumba kipande kipande?" muuzaji aliuliza, na wateja wakacheka. Aliniruhusu hata hivyo. Ya njano ilipita haraka, ya buluu ikachukua muda, lakini ilipita, na tundu lake halikuwa na ufa. Nilirudi bila kununua, kwa kuwa betri moja, ya rangi yoyote, isingemaliza ua mzima.

Jibu nilipewa na mke wangu bila yeye kujua. Alikuwa akisugua sufuria kubwa iliyotoka harusini, akaigeuza kutafuta alama ya rangi ya mwenyewe. Kwetu hakuna anayenunua sufuria za kupikia harusi nzima. Kila nyumba huleta zake, zimetiwa alama chini, na kesho yake zinarudi kwao. Nikaacha kujiuliza ni mashine ipi yenye nguvu. Nikajiuliza ni betri ipi ninayoweza kuazima.

Nilipita nyumba kwa nyumba. Za buluu ndizo zilizokuwa nyingi, na jirani wa mbele, mama mjane, alikuwa nazo pamoja na sola juu ya paa, kwa hiyo chaja yake ilifanya kazi hata umeme ukikatika. Nikanunua ya buluu, na kila jirani aliyenikubalia nilimtilia alama betri yake kwa rangi ya kucha ya mke wangu.

"Hiyo ni ya kutobolea mapapai," shemeji alisema alipoiona.

"Basi njoo na yako Jumamosi tusaidiane."

Alikuja, na niseme ukweli, asubuhi alinipita mbali. Kabla ya adhuhuri umeme ukakatika. Betri yake ikaisha, ya pili hakuwa nayo. Yangu nayo ikaisha; nikavuka barabara nikaleta nyingine. Moja niliisahau juu ya bati la moto na chaja ikaikataa, ikabidi ipoe kivulini kando ya mtungi. Lakini zilizobaki zilizunguka bila kukoma, kutoka kwa jirani hadi mkononi mwangu, kutoka mkononi mwangu hadi kwenye sola ya yule mama.

Shemeji aliweka mashine yake chini, akashika bati nililokuwa nikilifunga.

"Usicheke," alisema.

"Sijacheka. Inua kidogo upande wako."

Kufikia alasiri bati la mwisho lilikuwa mahali pake, na lango linafungika.

Mama mkwe wa binti yetu ndiye aliyemleta. Kabla ya kukaa aliuzunguka ua wote kwa nje, akachungulia kwenye maungio, akausukuma kwa kiganja. Hakukuta mwanya. Akaingia, akavua ushungi wake, akautundika kwenye skrubu mojawapo.

"Mwenzangu," alimwambia mke wangu, "maji ya kumkandia utayachemshia upande gani?"

Mke wangu alimwonyesha mahali pa mafiga. Sauti yake sikuwa nimeisikia ikiwa kunjufu hivyo tangu tuhame.

Mjukuu alizaliwa salama, msichana. Kwa arobaini yote nilikatazwa kuingia katika ua nilioujenga. Nilishonea barazani, nikisikia ndani maji yakimiminwa, binti yangu akilalamika kuwa ni ya moto mno na mama yake akimwambia anyamaze. Wapita njia waligeuza vichwa, wakaona mabati tu.