Fundi Aliyekataa Kupumzishwa

Mwambie fundi apumzike, uone moto wake. Neno lenyewe hataki hata kulisikia, na sababu anayo.

Alimuuguza mama yake miaka mingi katika chumba cha nyuma ya duka lake la ushonaji. Kumwogesha, kumgeuza, kumlisha, hayo hayakumtisha. Yaliyomtisha ni ya mwanzoni, mama alipokuwa bado na nguvu zake. Watoto walimpenda mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kaka mkubwa alimnyang'anya ndoo asije akaanguka. Dada akamkataza jiko. Kila anayeingia, mama kaa, mama pumzika. Basi mama akakaa. Siku moja fundi yuko kwenye cherehani, akamsikia mwanamke yule, aliyewahi kuwachapa wote bila kuchagua, anauliza kwa sauti ndogo: "Mwanangu, naruhusiwa kunywa maji?"

Siku ile fundi alilia kuliko alivyokuja kulia msibani.

Sasa mama hayupo. Magoti ya fundi yameanza vituko, na macho nayo ndiyo hayo. Asubuhi moja alitoka kununua vifungo, kurudi akamkuta mwanawe wa pekee dukani, mkanda wa cherehani ameshaufungua, gari linangoja nje. Nyumbani kwake kuna chumba kizuri, akasema, mkewe amekipaka rangi, na televisheni ipo. Yeye mama yake amehangaika vya kutosha, sasa apumzike. Aliyasema kwa upole, machozi yanamlengalenga. Hapo fundi akaogopa kwelikweli. Mtoto mkorofi ungemfukuza, huyu mwenye mapenzi utamfanyaje?

Akamwambia arudishe mkanda. Kijana akacheka, akidhani ni utani.

"Kuzeeka nitazeeka, sijakataa," fundi akasema. "Lakini nitazeekea hapa, mlango wangu, ufunguo wangu, na maji nitakunywa bila kumuuliza mtu."

Kicheko kikakatika. Kisa cha bibi yake na maji alikijua vizuri. Akainama, akarudisha mkanda polepole.

Fundi akaketi, akalitandaza gauni la mteja, akasogeza uso hadi kwenye sindano. Tundu halionekani ng'o. Bila aibu akampa mwanawe uzi. Msaada anautaka, nani kasema hautaki?

Kijana akautunga mara moja. Kisha mapenzi yakamzidi, akalishika gauni ili amsaidie kulisukuma.

"Toa mkono," fundi akasema, akaanza kukanyaga cherehani.