Mkaja wa Mke Wangu Ulivyoniumbua Kibirizi

Jamani nichekeni tu, maana aibu niliyoipata Kibirizi miaka ile wakimbizi wanavuka ziwa kila siku ingetosha ukoo mzima na majirani wakagawiwa.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimehitimu masomo ya usiku, Kirundi nakijua, basi nesi mmoja akaniomba nimtafsirie somo la pumu kwa wakimbizi waliokuwa wakisubiri magari pale ufukweni. Mimi! Mwenye pumu, na kitambi kinachotangulia kufika Bangwe mwenyewe ningali Ujiji! Nitawaambiaje watu kwamba unene unachochea pumu? Nikachukua mkaja wa mke wangu, ile kanga aliyojifungia tumbo baada ya uzazi, nikajikaza hadi macho yakatoka, suruali ya harusi ikaingia (mfuko tu ndio uliogoma kubeba dawa yangu ya kuvuta, nikaiacha kabatini).

"Baba Asha, utakufa na huo mkaja!" mke wangu akapiga kelele.

"Nitakufa nimependeza."

Somo likanoga, nesi akisema neno moja natoa kumi: kinga ya mwili ni askari, ila kwa mwenye pumu askari hao hushambulia hata vumbi, njia za hewa zikavimba, na mafuta yakizidi mwilini yanazidi kuwachokoza, huku tumbo nalo linabana mapafu. Makofi! Nikapaza sauti, na papo hapo wachukuzi wakapita na magunia ya dagaa wakavu, vumbi likanijaa puani, kifua kikafunga. Napapasa mfukoni... kabatini, jamani, Ujiji! Nikapiga magoti, kifua kinalia kama honi ya meli.

"Anaigiza huyo! Anajua kweli!" wakashangilia.

Bibi mmoja mkimbizi ndiye aliyeelewa. Akanifungua shati, akauvuta mkaja (ncha yake nadhani ilifika hadi majini), umati ukaangua kicheko: "Mwalimu kajifungua!" Kisha akafungua kifurushi chake, mzigo pekee aliovuka nao, akatoa dawa ya kuvuta kama yangu, akaniwekea mdomoni.

"Hema buhoro, mwana wanje," akanibembeleza, nipumue taratibu.

Sauti iliporudi nikamuuliza aliitunzaje safari yote ile.

"Nyumba nimeiacha, sufuria nimeziacha. Pumzi ningeiachaje?"

Nikarudi nyumbani tumbo mbele, mkaja begani, mke wangu mlangoni: "Wa kike au wa kiume?"

Tangu siku hiyo kitambi nakipunguza kwa kutembea, sikifichi tena, na dawa yangu naivaa shingoni kwa kamba, hata nikienda kuoga.