Damu Niliyoiita Imeharibika

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo, masikio huniwaka. Nilikuwa nimerudi Homa Bay na shahada yangu mpya, binti wa kwanza katika ukoo wetu wa kisiwa cha Takawiri kuitwa daktari wa sayansi, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Kazi yangu ilikuwa kuchunguza saratani ya damu. Chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda na maradhi, hupelekeana ujumbe: amka, zaana, sasa tulia. Kwa mgonjwa wa saratani hii ujumbe wa kuzaana haukomi, na chembe huongezeka mpaka zinaijaza damu. Mimi niliamini ujumbe huo hupita njia moja tu, na kwamba dawa fulani ikiifunga njia hiyo, chembe zitatulia. Sampuli baada ya sampuli ilinikubalia. Moja tu ilikataa.

Ilikuwa damu ya Mama Awuor, mshonaji wa sare za shule kule Mbita, aliyekuwa ameitumia dawa hiyo kwa miezi kadhaa. Njia ilikuwa imefungwa kabisa, lakini chembe zake ziliendelea kuzaana kana kwamba hazijaambiwa kitu. Wiki iliyofuata nilikuwa na mkutano wa watafiti, nami nilitaka matokeo yasiyo na doa. Nikaandika daftarini: "Sampuli imeharibika." Nikaiweka kando.

Mzee Okech, fundi mkuu wa maabara, alikuwa akitazama damu kwa darubini tangu mimi sijazaliwa. Hakuwa na shahada. Mungu anisamehe, siku hizo nilidhani hilo ni jambo kubwa. Alisoma mstari ule, akavua miwani.

"Nyara," akaniita, yaani binti yangu, "hii damu niliipokea mimi, nikaiweka kwa baridi mimi. Iliharibikia wapi?"

"Labda njiani kutoka Mbita, mzee."

"Labda. Umeipima mara ya pili?"

Nikalifunga daftari.

"Huyu mama anameza dawa kila asubuhi akijua inamsaidia. Damu yake imekuambia haimsaidii, na wewe umeiziba mdomo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini hapa atakayeliliwa ni yeye, si wewe."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Kesho yake nilikwenda Mbita. Nilimkuta Mama Awuor ameketi kando ya cherehani yake, amekonda, dada yake ndiye anayeshona. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri njiani, yote yakanipotea. Nikamwambia ukweli kama ulivyo.

"Kwa hivyo ile damu haikuwa na makosa?" akauliza.

"Sijui bado, mama. Makosa ninayoyajua ni yangu. Sikuipima tena."

Akakunja mkono wa gauni. "Basi chukua ingine. Lakini hii uisikilize."

Nikaipima mara tatu. Jibu likawa lile lile. Madaktari wake wakaiacha dawa ile isiyomfaa, wakamshikilia kwa matibabu mengine. Nami nikaenda mkutanoni na matokeo yangu yenye doa, nikasimama mbele ya wakubwa na kusema, "Huyu mgonjwa mmoja anapinga ninayoyaamini, na sijui kwa nini." Wapo waliotabasamu. Lakini mtafiti mmoja akaniuliza, "Kama njia hiyo imefungwa, amri ya kuzaana inapita wapi?"

Swali hilo lilitushughulisha miaka. Mara ngapi tulibahatisha tukakosa, sikuambii. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hatimaye tuliiona: njia ya pili, ya pembeni, ambayo chembe za Mama Awuor zilikuwa zimeifungua zenyewe. Ilikuwapo dawa ya ugonjwa mwingine iliyoweza kuifunga. Baada ya ruhusa zote kutolewa, na Mama Awuor mwenyewe kukubali, madaktari wakampa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mzee Okech aliinama kwenye darubini kuitazama damu ya Mama Awuor, akakaa pale muda mrefu, halafu akanipisha kiti. "Tazama mwenyewe," akasema. Nikatazama. Chembe zilikuwa zimetulia, chache, kila moja mahali pake. Nilipoinua uso, mzee alikuwa anapangusa macho na kona ya koti lake jeupe, nami nikalia bila haya.

Wagonjwa wengine waliokuwa na njia ile ya pili walifuata matibabu hayo, na wengi wao wakapata nafuu. Mama Awuor yu hai mpaka leo. Watoto wa Mbita wanavaa sare alizozishona yeye.

Mwanangu, unaingia maabara sasa, na una akili kuliko niliyokuwa nayo. Usilipende wazo lako kuliko mgonjwa. Jibu likikuudhi, lipime tena kabla ya kulitupa, na ukikosea, nenda ukaseme kwa aliyeumia, kwa mdomo wako. Asiye na shahada akikukosoa, kaa chini umsikilize. Kusema "sijui" hakujanipunguzia heshima hata siku moja. Ndiko kulikonipa kazi ya maisha yangu.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe macho yanayoona na moyo usioogopa kilichoonekana. Kazi ya mikono yako iwafikie watu wangali hai, nawe uzeeke ukisalimiwa sokoni na wale uliowaponya.