Mawe Aliyoyakausha Ambilikile

Mume wangu Ambilikile alikuwa mtu wa kukausha chai tangu ujana wake, mpaka kiwanda kilipobinafsishwa wakampunguza kazini. Jamani, mwanamume asiye na kazi anachosha! Mara anakosoa ninavyowasha moto, mara anakosoa ninavyomenya ndizi, halafu anakaa kizingitini kutazama mvua. Na mvua ya huku kwetu Kinyala huimalizi kuitazama.

Ndipo akaja Imakulata, binti msomi wa mambo ya miamba. Alitaka kujua umri wa chemchemi ya maji moto iliyoko bondeni kwetu, ile inayoacha mawe meupe ya chokaa kandokando.

"Baba, nichimbie sampuli," akamwambia mume wangu. "Uzifunge kwenye kitambaa cheusi, usizianike juani hata kidogo. Zikinipa majibu maabara, kazi ya msimu mzima ni yako."

Siku hiyo Ambilikile alinyoa ndevu.

Alirudi na mawe yamelowa chapachapa. Afunge kitu kibichi, yeye? Kiwandani, chai yenye unyevu ilikuwa aibu ya mkaushaji. Jua limekatazwa, sawa, moto haukukatazwa. Akafunga mlango wa jiko letu lisilo na dirisha, akabandika kikaango changu juu ya makaa, akawa anayageuza mawe kwa mwiko taratibu.

"Mama Hosea! Njoo uone!"

Nikaingia. Mawe meupe yalikuwa yanang'aa rangi ya chungwa. Yale yenye kutu yalibaki meusi tu. Tukashikana mikono, watu wazima na akili zetu. Mwanga ukafifia, ukaisha. Akayafunga mawe yakiwa makavu kabisa, huku anapiga mluzi.

Mwezi uliofuata Imakulata akarudi, uso umemshuka. "Mawe hayana kitu, baba. Uliyapasha moto?"

"Niliyakausha tu, mwanangu. Yakang'aa, kisha yakazimika."

Akaketi akatueleza, bila ukali. Ndani ya chokaa mna chembe za madini ya manganizi, na hizo ndizo zinazotoa mwanga. Chuma kikizidi kinauzima, ndiyo maana yale ya kutu hayakung'aa. Tena jiwe lina kasoro ndogondogo katika mpangilio wake, na humo nguvu hunaswa kidogokidogo kwa maelfu ya miaka. Yeye angeipima akiba hiyo apate umri wa chemchemi. Moto huitoa yote kwa mara moja, na ndio mwanga tuliouona.

"Itarudi lini?" Ambilikile akauliza.

"Si katika uhai wetu, baba. Na wakubwa wangu wameshahamishia kazi kwenye chemchemi nyingine, mbali."

"Ndaga fijo," akamshukuru kwa Kinyakyusa, akambebea begi mpaka barabarani.

Nilikasirika. Nilipanga kumwambia: umekausha mpaka riziki yetu! Lakini aliporudi akakaa palepale kizingitini, mabega chini, nami nilikuwa nimechoka hata kugomba.

"Lakini ule mwanga uliuona, Mama Hosea?"

"Niliuona, Baba Hosea," nikasema, nikakaa karibu naye. "Na mawe yalikauka vizuri."