Fundi Taratibu na Runinga ya Mama

Fundi tunayemwita Taratibu alikuja nyumbani siku ya nne baada ya runinga kugoma kuwaka. Alibeba mkoba wa ngozi uliochakaa, na balbu moja aliyoihifadhi ndani ya soksi.

Nilikuwa nimeshakata tamaa. Fundi wa kwanza aliitazama akiwa mlangoni, akasema kioo kimekufa, runinga za plazima kama hii hazina vipuri tena, tununue mpya tuache kujisumbua. Kaka yangu, ambaye hapendi jambo lilale, alituazima yake siku iyo hiyo, nyembamba kama sinia.

Tatizo lilikuwa macho ya mama. Ugonjwa umemharibia sehemu ya katikati. Akikitazama kitu moja kwa moja hakioni, anakiona kwa pembeni tu. Ili aione runinga, hukaa kwenye kigoda ubavuni mwake, karibu kuigusa, uso kaugeuzia dirishani kama mtu aliyenuna. Plazima yetu picha yake haibadiliki, uitazame kutoka upande wowote. Ile nyembamba, ukikaa ubavuni, inafifia yote.

"Watu wote wamepakwa majivu," mama alisema, akaomba izimwe.

Hakuwa akililia taarifa ya habari. Binti yangu anasoma mbali, na kila wiki hunitumia video fupi ambazo huwa nazionyesha kwenye kioo kile kikubwa. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mama bado anaona uso wa mtu. Mimi nikisimama mbele yake ni sauti na harufu ya sabuni.

Taratibu alianza kazi enzi za redio za mbao, akaja kwenye runinga zenye migongo, akaishia kwenye hizi ambazo wenzake wamezikimbia. Chumbani kwake ameegemeza plazima sita zilizokufa, za kuchomolea vipuri. Mkewe huwaambia majirani kuwa ana wake wenza sita, wote bubu, na bado yeye ndiye anayewafuta vumbi.

Nilitegemea atoe bisibisi. Badala yake akauliza, "Nani hukaa nayo karibu kuliko wote?"

"Mama. Lakini fundi, mama haoni vizuri."

"Sijauliza nani anaona, dada."

Akaketi sakafuni kando ya kigoda. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari?"

"Mimi fundi tu. Nisimulie, mgonjwa alianzaje kuumwa?"

Mama alijiweka sawa kama shahidi aliyeitwa mahakamani. Tangu macho yamsaliti, sisi wanawe tulikuwa tunamuuliza maswali mawili tu: umekula, umelala vizuri.

"Zamani ukiiwasha ilikuwa inagonga mara moja, ta, halafu picha inakuja," alisema. "Mvua zilipoanza ikawa inagonga mara tatu. Baadaye saba. Wiki iliyopita nilihesabu ishirini na mbili ndipo ikaamka. Lakini ikishapata joto, haina neno mchana kutwa."

"Mbona hukuniambia hata siku moja?" nikauliza.

"Ungesikia saa ngapi? Wewe ukibonyeza tu, huyoo jikoni."

Taratibu alikuwa akitabasamu. "Basi kioo ni kizima. Kioo kilichokufa hakiamki hata ukikisubiri mpaka kesho. Huyu ana njaa ya umeme, chakula kinachelewa kumfika."

Akachomoa waya ukutani, akaagiza chai, akakataa kugusa chochote mpaka kikombe kiishe. Alinionyesha kidole chake cha shahada, ambacho hakikunjiki. Plazima hubaki na umeme tumboni hata ikiwa imechomolewa, na alipokuwa mpya kwenye kazi hii aliwahi kuwa na haraka mara moja tu. Jina lake la utani lilianzia hapo.

Alipoigeuza runinga, akakuta kitambaa cha kufuma kimening'inia mgongoni, kimeziba matundu yote ya hewa. Katikati kilikuwa kimebadilika rangi, kahawia kama mkate uliokaa sana kwenye moto.

"Nani kamvisha mgonjwa sweta?"

Ilinibidi nikiri. Nilikiweka mwenyewe ili vumbi lisiingie, nikajiona mwenye busara.

"Msomi wangu," mama alisema, akacheka mpaka akashika mbavu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi kuchekwa kiasi kile.

Taratibu alifungua kifuniko, akaitoa balbu kwenye soksi na kugusisha nyaya zake mbili kwenye bodi. Balbu iliwaka kidogo, ikafifia, ikazima. Umeme uliobaki ulikuwa umekwisha. Kisha akanionyesha vikopo vinne vidogo vya kutunzia umeme, vichwa vimevimba kama mikebe ya chakula kilichooza. Joto la kitambaa changu ndilo lililovivimbisha. Akayeyusha risasi iliyovishikiza kwenye bodi, akavitoa, akachomelea vingine alivyovitoa mkobani, kimoja kimoja, akipuliza kila kimoja kwa pumzi ndefu. Kazi yenyewe haikufika saa nzima.

Aliporudisha waya ukutani, taa nyekundu ikawaka. Mama alikuwa ameinua kidole hewani, tayari kuhesabu.

Ta.

"Moja," alisema, na kidole kikabaki pale pale juu. Picha ikaja.

Nikaweka video ya binti yangu. Mama akageuzia uso dirishani, akatazama kwa muda mrefu. "Kakonda," alisema mwishowe. "Mwambie ale."

"Sitakudanganya, dada," Taratibu aliniambia akikusanya vitu vyake. "Miaka miwili, labda mitatu. Imeshazeeka."

"Inatosha," nikasema, na nilimaanisha.

"Mpige picha," mama akaniambia.

"Nani?"

"Huyo mwanangu. Uniwekee hapo. Nitamshukuruje mtu nisiyemjua sura?"

Taratibu, ambaye hakutetemeka mbele ya umeme, akaanza kupapasa vifungo vya shati. Akajifuta uso kwa kitambaa changu kilichoungua, akasimama wima kama anayepigiwa picha ya pasipoti. Nilimweka kwenye kioo, uso wake mkubwa kuliko dirisha. Mama akasogeza kigoda, akageuka pembeni, akamsoma polepole kuanzia paji la uso hadi kidevuni.

"Ahsante, mwanangu," alisema. Kisha akaongeza, "Kumbe una kipara. Kwa sauti ile nilikupa nywele nyingi."