Wimbo wa Pareto Ndani ya Ngome

Usiniulize kwa nini nililia kwenye mchezo ambao kila mtu alikuwa anarekodi kwa simu. Au basi niulize, maana nina hamu ya kukueleza.

Jumamosi nilirudi Molo na binti yangu kutazama igizo la nyimbo kuhusu enzi za walowezi. Lilichezewa ngomeni, ile nyumba kuukuu ya mzungu yenye kuta nene za mawe na lango la chuma, kule juu kilimani. Baridi ile iliponishika masikio tu, nikawa tena mtoto wa darasa la sita. Mimi nami niliwahi kuimba humo.

Siku hizo kilima chote kilikuwa pareto, maua meupe yenye kitovu cha njano, na harufu yake kali iliingia mpaka kwenye blanketi. Nilichuma na nyanya yangu asubuhi kabla ya shule, vikapu vimefungwa kiunoni, vidole vimekufa ganzi, nikiwaza viazi alivyokuwa amevifukia kwenye majivu jikoni. Na ukungu wa Molo unaujua, unanyoosha mkono huoni kiganja chako. Ndiyo maana wachumaji walikuwa na wimbo wao. Mmoja aliita, "Mwenzangu, uko wapi?" na wa mstari wa mbali akaitikia, "Niko hapa, bado nachuma." Usipoitikia, kazi inasimama, wote wanaanza kukutafuta.

Mwalimu wetu wa muziki aliutia wimbo huo kwenye igizo la shule, akanichagua mimi niwe wa kuita. Nyanya alifurahi, mpaka aliposikia tutachezea wapi. Siku za Emajensi, wakoloni walipokuwa wakikamata watu ovyo, mama yake alifungiwa ndani ya ngome hiyo, na yeye, mtoto mdogo, alisimama langoni akimwita bila kujibiwa. Mama yake alitoka baadaye, amekonda sana, na shambani hakuimba tena. Nyanya aliapa hatakanyaga mle maisha yake yote.

"Shosho, si ukuje tu," nilimbembeleza. "Ni drama."

"Nitakungojea kwa geti," akasema.

Na kweli alikaa nje kwenye jiwe, amejitanda shali, thermosi ya chai mapajani. Mimi niliingia na vazi langu la gunia, moyo mzito, kwa sababu katika umati wote ule ni yeye tu niliyetaka anisikie.

Mwalimu alikuwa amepanga kwamba nikishaita, pawe kimya kabisa, watazamaji waonje uchungu wa waliofungwa. Nikaita. Pakawa kimya, na mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu, kutoka nje ya ukuta, ikaja sauti ya nyanya yangu: "Niko hapa, bado nachuma!"

Ungekuwepo! Akina mama wote waliokuwa wametulia kwenye mabenchi na vitambaa vyao vya Jumapili wakaitikia kwa pamoja. Mwalimu akashika kichwa. Mimi nikaita tena, ningefanya nini kingine? Nyanya akaitikia akiwa langoni. Nikaita, akaitikia akiwa uani, hivyo hivyo mpaka akasimama mbele yangu na thermosi yake. Akazitazama zile kuta pande zote.

"Kumbe ni kadogo hivi," akasema.

Mwalimu alipokuja kulalamika kuhusu kimya chake kilichoharibiwa, nyanya alimmiminia chai.

"Mwalimu, mtu akiita kwa ukungu, unaitika. Hata kama ni drama."

Nyanya hayupo tena, wala wale akina mama wa mabenchini. Pareto imebaki viraka vichache, kilima sasa ni viazi, na malori yanapanda kuvichukua. Nawakumbuka wote, hata huyo mwalimu na hasira zake.

Basi Jumamosi msichana mwenye sauti nzuri kuliko yangu aliita kwenye maikrofoni, "Mwenzangu, uko wapi?" Kimya kikatanda, kizuri kama kile alichokitaka mwalimu wangu. Simu zikainuliwa. Nikangoja. Hakuna aliyeitikia, na kilichonichoma ni kwamba hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuwa wimbo ule una jibu.

Nikasimama. "Niko hapa," nikaimba, sauti inakwaruza, machozi yananitoka, "bado nachuma."

"Mum! Watu wanatuangalia," binti yangu akanivuta sweta.

Kweli, kila mtu alikuwa amegeuka kuniangalia. Mimi nilikuwa naangalia langoni.