Uso wa Mauti Katika Kitabu cha Mama

Mama yangu alikuwa na kitabu cha sala kilichoandikwa kwa mkono huko Ulaya mamia ya miaka iliyopita, kwenye kurasa za ngozi ya ndama. Alipewa na padri mzee wa Kizungu; Mama alikuwa mpishi wake hadi padri alipostaafu na kurudi kwao. Kilienea kiganjani. Kilatini Mama hakukijua. Alisali kwa picha, zenye buluu na dhahabu ambayo bado iling'aa.

Picha moja niliiogopa tangu utotoni, na bado naiogopa: Mauti, mifupa mitupu, amesimama kando ya kitanda cha mgonjwa. Padri alimweleza Mama kwamba wanawake waliokimiliki kitabu hicho zamani walikuwa wakilowesha kidole na kuwafuta nyuso mashetani waliochorwa humo. Mama akalichukua hilo kama agizo. Mtu yeyote akiugua hapa kwetu Awendo, alimsugua Mauti huku akimtaja mgonjwa.

Mwaka jana mtoto wa jirani alishikwa na homa kali. Jirani huyo ni Msabato aliyehamia hapa kuuza mboga. Kijaluo hakijui, huongea na Mama kwa Kiswahili. Alikuja kuazima sufuria akamkuta Mama amekaa mlangoni, kidole juu ya ile mifupa, akinong'ona jina la mtoto mgonjwa. Aliondoka bila sufuria. Siku chache baadaye mtoto akafa.

Ulimi hauna mfupa. Kufikia mazishi, kitabu kilikuwa kimeshakuwa cha ngozi ya mtu, na Mama mchawi. Nilitoka Migori, ninakoishi, mbio kuja kumchukua, maana mzee akishaitwa hivyo, watu hawangoji kesi. Niliogopa hadi nikashindwa kufunga zipu ya begi lake. Naye, kwa ukaidi wake, akasema hatoki; anayekimbia amekubali.

Walikuja mchana, wanaume wengi, jirani akiwa mbele. Mmoja alibeba jerikeni. Harufu ya petroli ilinifikia kabla yao. Nikakaa chini mlangoni, na huo ndio ulikuwa ulinzi wangu wote.

"Leta hiyo kitabu," jirani alisema.

Mama akampa, akamfungulia ukurasa. "Nilikuwa nafuta yeye," alisema. "Angalia. Nilikuwa nafuta yeye asichukue mtoto."

Jirani alitazama kwa muda mrefu. Uso wa Mauti ulikuwa umefifia, lakini jicho moja lilikuwa bado lipo.

"Dani," alisema polepole, akimwita Mama bibi kwa Kijaluo, kama mwanawe alivyokuwa akimwita, "sasa mbona haukumaliza?"

Nilimwomba Mungu amfanye Mama adanganye. Mama hajui kudanganya.

"Niliogopa ngozi itatoboka," alisema. "Niliogopa kuharibu kitabu."

Nilifumba macho nikisubiri mikono ya watu. Badala yake nilisikia mtu akikaa kando yangu. Jirani alikuwa amekiweka kitabu mapajani, amelowesha kidole kwa mate, na anasugua lile jicho. Mate hayakutosha, akatumia ukucha. Ngozi ikatoboka, akaendelea kukwaruza, akilia. Wanaume wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wa jerikeni akiwa wa mwisho. Mama hakumzuia jirani.